Mkimbiaji mkongwe: asajiliwe au aachwe?

Kila Machi, dirisha la wachezaji huru wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, linapofunguliwa, ubishi ni ule ule: timu itoe fedha kwa mkimbiaji aliyekwisha kucheza misimu mitano au minane, au ichukue kijana kwenye drafti, ule mchujo ambao timu huchagua vijana wapya kwa zamu, na kubana matumizi? Barua zenu zimejaa hilo. Nimechagua chache. Zile za kuwatukana Giants nimeziweka kando, ingawa baadhi zilitukana kwa ufundi mkubwa.

Ndugu mwandishi, mimi ni mgeni kwenye mchezo huu, naangalia usiku na wanangu. Huyu mkimbiaji ndiye anayepigwa kuliko wote, mbona halipwi kama wengine? (Msomaji, Mwanza)

Karibu, na pole kwa usingizi. Mkimbiaji ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi na kwotabeki, yule anayeongoza kila shambulizi, kisha apenye nao katikati ya watu wenye kilo 130 na zaidi. Anaangushwa karibu kila anapoushika, kwa hiyo mwili unachakaa mapema, na wenye timu wanalijua hilo. Halafu wapo wengi. Kansas City walimpata Isiah Pacheco raundi ya 7 ya drafti ya 2022, mchezaji wa 251 kuchaguliwa, na msimu huo huo akawa mkimbiaji wao tegemeo na wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi.

Kanuni nazo zinambana. Anayeingia kwa drafti husaini miaka 4, na hawezi kujadili upya mkataba mpaka misimu 3 ipite. Miaka yake mitamu ameiuza kwa bei aliyopangiwa. Siku anayokuwa huru, mnunuzi anamtazama magoti kwanza.

Kaka, sema ukweli bila kupepesa: Giants walifanya ujinga kumwachia Saquon Barkley au hawakufanya? (Shabiki wa Giants mwenye majeraha, Jersey City)

Walifanya ujinga, ila si ule unaoufikiria.

Tuwakumbushe wasiofuatilia. Giants walimchukua Barkley wa pili kwenye drafti ya 2018. Mwaka 2023 wakambana kwa mkataba wa mwaka mmoja, akapata dola milioni 10.1. Machi 2024 akawa huru, akavuka kwenda kwa mahasimu wao Philadelphia Eagles kwa miaka 3 na dola milioni 37.75. Mwenye timu, John Mara, alikuwa ameshasema mbele ya kamera kwamba Barkley akienda Philadelphia yeye atapata shida kulala. Barkley akakimbia yadi 2,005 katika mechi 16, na Februari 9, 2025, siku aliyotimiza miaka 28, akabeba Super Bowl. Sijui Mara alilala saa ngapi.

Sasa angalia namba mbili tu. Msimu wake wa mwisho New York, Barkley alipata wastani wa yadi 3.9 kila alipobeba mpira. Msimu uliofuata Philadelphia, 5.8. Miguu ni ile ile, na mwili umezeeka mwaka mmoja. Kilichobadilika ni watu waliosimama mbele yake, yaani safu ya mbele inayomfungulia njia. Eagles walikuwa na Jordan Mailata upande wa kushoto, Mwaustralia mwenye kilo zaidi ya 160 aliyetoka kwenye raga, na Lane Johnson upande wa kulia, na katikati yao watu wa ukubwa huo huo. Tafuta picha za Novemba 24, 2024, mechi na Rams, uangalie mabao yake mawili ya mbio za yadi 72 na 70. Usimwangalie Barkley. Angalia yadi tano za mwanzo: hakuna aliyemgusa. New York angekuwa ameshaguswa na watu wawili kabla hajanyanyua kichwa.

Kwa hiyo kumlipa dola milioni 12 na ushee kwa mwaka, kwa timu ile isiyo na safu, kungekuwa kununua mazulia kabla ya kuezeka nyumba. Ujinga wa Giants ulikuwa mwaka mmoja kabla, Machi 2023, walipompa kwotabeki Daniel Jones miaka 4 na dola milioni 160. Novemba 2024 wakaachana naye. Fedha za safu ya mbele zilipotelea hapo, usimtafute mchawi kwa Barkley.

Mbona hamsemi kwamba Eagles hao hao walishaungua? DeMarco Murray mmemsahau? (Msomaji, Nairobi)

Hatujamsahau. Mwaka 2014 Murray aliongoza ligi akiwa Dallas: yadi 1,845, mpira ameubeba mara 392. Ukijumlisha na mechi za mtoano, huyo ni mtu aliyepigwa mara zaidi ya 400 ndani ya miezi mitano. Eagles wakamchukua 2015 kwa miaka 5 na dola milioni 40, akakimbia yadi 702, wastani wa 3.6, na baada ya msimu mmoja wakampeleka Tennessee.

Wengi husimulia mpaka hapo na kuhitimisha kwamba alikuwa amekwisha. Lakini Tennessee, msimu wa 2016, alikimbia yadi 1,287. Tatizo la Philadelphia lilikuwa mfumo. Kocha Chip Kelly alitaka mkimbiaji apokee mpira akiwa amesimama pembeni ya kwotabeki, halafu akimbie kwa upana akitafuta upenyo. Murray maisha yake yote alikuwa mtu wa kuanzia nyuma, akija kwa kasi, mabega yameelekea golini. Walilipa dola milioni 40 kwa mtu wa kazi moja, wakampa kazi nyingine.

Mzee wangu, hii habari ya miaka 30 kuwa kaburi la wakimbiaji ni kweli au ni mazoea ya watangazaji? (Kijana, Dar es Salaam)

Kwa wengi ni kweli, na mara nyingi kaburi linachimbwa hata kabla, kwenye 27 au 28. Lakini orodha ya waliolikimbia inafundisha. Frank Gore alicheza misimu 16, mpaka 2020, akamaliza na yadi 16,000 kamili, wa tatu katika historia ya ligi. Adrian Peterson alichukuliwa na Washington Agosti 2018 akiwa na miaka 33, karibu bure, akakimbia yadi 1,042.

Na yupo Derrick Henry. Machi 2024 alikuwa na miaka 30, amebeba mpira zaidi ya mara 2,000 akiwa Tennessee, na soko lilimtazama kama gari lenye kilomita nyingi. Baltimore Ravens wakampata kwa miaka 2, dola milioni 16. Akakimbia yadi 1,921 na kufunga tachidauni (mabao) 16 za mbio.

Hebu tuangalie wanachofanya Baltimore, maana ndicho kinachoeleza bei. Kwotabeki Lamar Jackson anauingiza mpira tumboni kwa Henry lakini hauachii. Wakati huo huo safu ya mbele imemwacha kwa makusudi beki mmoja wa pembeni bila kumzuia. Yule beki ana nusu sekunde ya kuamua. Akimfuata Henry, Jackson anavuta mpira na kuzunguka pembeni, na Jackson ndiye kwotabeki mwenye mbio kuliko wote. Akimsubiri Jackson, mpira unabaki na Henry, mtu wa kilo 112 ambaye tayari ana hatua mbili za kasi. Septemba 29, 2024, dhidi ya Buffalo, shambulizi la kwanza kabisa la Baltimore lilikuwa la Henry: yadi 87, hakuna aliyemfikia.

Mkimbiaji mzee hupoteza kwanza ule mkunjo wa ghafla wa kukwepa watu kwenye nafasi finyu. Henry hakuwahi kuishi kwa mkunjo huo. Yeye anahitaji hatua tatu za kuchochea moto, na Jackson anampa hatua hizo bure. Mimi kwa maoni yangu, dola kwa dola, ule ulikuwa usajili bora kuliko wa Barkley. Najua nitatukanwa.

Sisi wa Minnesota tumeona yote mawili. Kwa nini Dalvin Cook alizimika na Aaron Jones akawaka? (Mkenya, Minneapolis)

Nyinyi ni maabara kamili. Cook alivuka yadi 1,000 misimu minne mfululizo, mkamwacha Juni 2023 akiwa na miaka 27 tu. Jets wakamchukua mwaka mmoja. Alibeba mpira mara 67 kwa yadi 214, wastani wa 3.2, na Januari wakamwachia. Jones, mkubwa kwa miezi kadhaa kuliko Cook, alitemwa na Green Bay Machi 2024 siku walizomsajili Josh Jacobs. Akaja kwenu kwa dola milioni 7, akakimbia yadi 1,138, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake.

Cook alifika Jets katikati ya Agosti, kambi imeshaanza, bega ametoka kulifanyia upasuaji, na pale alimkuta Breece Hall ambaye ndiye mwenye namba. Halafu kwotabeki Aaron Rodgers akachanika kano ya kisigino mechi ya kwanza, baada ya mashambulizi manne tu. Jones alifika Machi, akapewa kazi yote. Lakini mkaharibu wenyewe: baada ya msimu ule mkamwongezea miaka 2 kwa dola milioni 20, na 2025 akaumia msuli wa paja mapema. Asante inalipwa kwa maneno, haiingizwi kwenye mkataba.

Nafanya kazi ya uhasibu. Nieleze hesabu yenyewe, achana na hadithi. (Msomaji, Muscat)

Sawa, ndugu. Mwaka 2024 kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu, na 2025 kikapanda hadi 279.2. Bonasi ya kusaini mchezaji huipata mkononi mapema, lakini kwenye hesabu za kikomo hugawanywa kwa miaka ya mkataba, isizidi 5. Ukimpa mtu bonasi ya milioni 20 kwa miaka 5, kila mwaka unaandika 4. Ukimtema baada ya miaka 2, milioni 12 zilizobaki zinakuangukia, na yeye hayupo uwanjani. Ndiyo maana nasema usitazame jumla ya mkataba. Tazama fedha za uhakika, na tazama mwaka ambao unaweza kutoka bila kuumia.

Wanaoumia zaidi hata si wanaonunua wageni. Ni wanaowalipa watoto wa nyumbani kwa kazi iliyopita. Julai 2018 Rams walimwongezea Todd Gurley miaka 4, dola milioni 45 za uhakika. Miaka ile mipya ilikuwa ianze 2020. Machi 2020 wakamtema, kabla haijaanza. Na goti lilipomsumbua mwishoni mwa 2018, walimwokota C.J. Anderson, ambaye timu mbili zilikuwa zimemwacha msimu huo huo. Mechi zake mbili za kwanza alikimbia jumla ya yadi 299. Mechi ya mtoano na Dallas, Gurley yadi 115, Anderson 123. Mimi ningekuwa mhasibu wa Rams ningeomba likizo.

Kwa nini wasigome tu? (Msomaji, Bujumbura)

Le'Veon Bell aligoma msimu mzima wa 2018. Jets wakampa dola milioni 52.5 kwa miaka 4, akakimbia wastani wa yadi 3.3, wakamtema Oktoba 2020. Julai 2023 wakimbiaji wakubwa walikutana kwa video kulalamikia soko, wakagundua kwamba mkataba wa pamoja wa ligi na chama chao unawafunga kwa miaka mingi.

Mimi ni Dallas damu. Tufanye nini sisi? (Mtanzania, Dallas)

Pole, maana historia yenu ni ndefu. Mlimpa Ezekiel Elliott nyongeza ya miaka 6 na dola milioni 90 mwaka 2019, mkamtema 2023, halafu 2024 mkamrudisha, akakimbia yadi 226 tu. Mwaka huo huo Henry alikuwa sokoni. Mwenye timu yenu, Jerry Jones, alisema hamkuwa na uwezo wa kumlipa. Septemba 22 Henry akaja kwenye uwanja wenu na kuwakimbilia yadi 151 na tachidauni mbili.

Lakini 2025 mlipatia. Javonte Williams, aliyewahi kuchanika goti vibaya akiwa Denver, mlimpa mwaka mmoja kwa takriban dola milioni 3, akavuka yadi 1,000. Hakuwa mzee, ila alikuwa na bei ya mzee, na hapo ndipo pa kuchimba: mtu wa miaka 25 au 26 ambaye jeraha lake limeshapona lakini soko bado linalikumbuka.

Hata hivyo msijisifu sana. Rico Dowdle, aliyewafikishia yadi 1,000 mwaka 2024, mlimwacha aende Carolina kwa fedha za kiasi hicho hicho. Oktoba 2025 mlipokwenda kucheza kwake, aliwaonya mapema mfunge mikanda, kisha akawakimbilia yadi 183, na Carolina wakashinda 30-27.