Hereni moja, elfu themanini na dada wa kazi

*Shangazi, shikamoo. Naishi Kimara na mume wangu, watoto wetu watatu na shemeji anayesoma chuo. Dada wa kazi ana miaka 19, tulimtoa Iramba, huu ni mwezi wake wa nane. Mwezi uliopita elfu arobaini ilipotea kwenye pochi yangu, wiki iliyopita ikapotea elfu arobaini nyingine. Hereni yangu moja ya dhahabu haionekani tangu tulipopata wageni. Mchele kilo 25 umeisha kwa siku 24, mafuta lita tano yameisha siku 28. Mama mkwe anataka twende kwa mtaalamu akatazame, na nimpekue begi akienda dukani. Mume wangu amemkata elfu ishirini kwenye mshahara wake wa laki moja "ili ajue". Mshahara wa miezi minne iliyotangulia namtunzia mwenyewe asije akauchezea. Watoto wamemzoea sana, lakini siwezi kulala na mwizi ndani. Nifanyeje? – Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na mchele, maana huo ndio rahisi kuutoa kwenye kesi. Kilo 25 kwa siku 24 ni kilo moja na kidogo kwa siku. Mko saba: wewe na mumeo, watoto watatu, shemeji na binti mwenyewe. Ukigawanya, kila mmoja anapata gramu 150 hivi za mchele mkavu, yaani sahani moja ya mtu mzima kwa kutwa. Mafuta nayo: lita tano kwa siku 28 kwa watu saba ni kama mililita 25 kwa kichwa, hata vijiko viwili vya mezani havijai. Na hapo sijauliza chapati za Jumapili. Hakuna aliyeiba. Mnakula. Watu wengi hupima chakula kwa kukumbuka "zamani gunia lilikaa zaidi", wakasahau kwamba zamani shemeji hakuwepo na watoto walikuwa wanakula kijiko.

Ukiondoa hayo, mashtaka yako yanabaki mawili: elfu themanini na hereni moja. Hereni nitairudia mwishoni.

Kuhusu pesa, hujaniambia jambo moja kubwa: kabla haijapotea, pochini mlikuwa na shilingi ngapi? Kama jibu ni "kama laki hivi", basi huna hesabu ya kilichopotea, una makisio. Pesa ya pochi inavuja kwa vitu ambavyo havina risiti: bodaboda, LUKU, mboga, mchango wa msiba, makato ya wakala ulipotoa hela. Leo jioni kaa na simu yako, fungua miamala ya mwezi huo, uone ulitoa kiasi gani na siku gani, halafu jaribu kukumbuka matumizi kuanzia siku hiyo. Kama simu haionyeshi ya nyuma kiasi hicho, mtandao wako unaweza kukupa taarifa kamili ya miamala. Ukishapata jumla, muulize mumeo bila ukali kama kuna asubuhi alichukua ya mafuta ya gari akasema atakwambia akirudi.

Shemeji umemtaja kwa maneno machache tu, kisha ukampita. Simsingizii. Lakini kijana wa chuo ambaye boom, ile pesa ya mkopo wa masomo, limechelewa, au anayebeti mikeka ya mpira kila wikendi, ana haja ya pesa kama binti alivyo nayo, na anaingia chumba chochote bila kuulizwa. Binti unamshuku kwa sababu ndiye mgeni na ndiye mnyonge. Hiyo ni sababu ya hisia, haimpeleki mtu popote hata mbele ya mjumbe.

Kwa hiyo jipe wiki mbili za daftari kabla ya neno lolote. Pochi isikae tena juu ya friji wala kuning'inia nyuma ya mlango. Iingie kabatini, kabati lifungwe, ufunguo uwe mmoja na uwe nao wewe. Kila usiku hesabu kilichomo, andika tarehe na kiasi, kisha zitandaze noti kitandani uzipige picha moja namba zikionekana. Kazi ya nusu dakika. Mtu mzima yeyote atakayepewa pesa, mume akiwemo, anaandika mwenyewe kiasi na kazi yake. Pembeni andika nani alikuwepo nyumbani siku hiyo: fundi, muuza maziwa aliyeingia hadi jikoni, rafiki wa shemeji. Siku hesabu isipokubali, utakuwa na tarehe, kiasi, namba za noti na majina ya waliokuwepo. Na kama wiki mbili zote hesabu inakubali, umejua kwamba tatizo lilikuwa pochi iliyo wazi, na huna haja ya kumjua aliyeichukua ile ya kwanza ili uishi kwa amani.

Wapo watakaokushauri uache elfu kumi mezani kama chambo. Usifanye. Nyumba ya watu saba, noti ikiondoka mezani utajua imeondoka tu, hutajua nani. Na mmoja wa watoto wako akiikuta, utakuwa umemtega mwanao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo umeliandika kama la kupita, nami nikalisoma mara mbili. Unamtunzia mshahara. Miezi minne ni laki nne. Mume amekata elfu ishirini. Maana yake nyumba inamdai binti elfu themanini bila ushahidi, na binti anaidai nyumba laki nne na elfu ishirini kwa ushahidi wa barua yako wewe mwenyewe.

Najua desturi hii imeanzia wapi: mabinti wanakuja wadogo, wazazi wanasema "mtunzie, akirudi anunue mabati". Lakini huyu ana miaka 19. Anahitaji pedi kila mwezi, mafuta ya kupaka, vocha ya kumpigia mama yake. Kama kila shilingi lazima akuombe na kukueleza ya nini, siku ataona haya kuomba pedi mbele ya mumeo. Hapo ndipo chenji ya dukani inaporudi pungufu mia tano, kisha elfu. Sisemi ndivyo ilivyotokea kwenu. Nasema nyumba inayozuia mshahara inajitengenezea udokozi kisha inashangaa.

Sheria nayo haiko upande wenu. Mfanyakazi wa ndani ni mfanyakazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, imeeleza makato ya hasara yanavyokwenda: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, umpe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Elfu ishirini haifiki robo ya laki, sawa, lakini hayo mengine yote hayakufanyika. Mrudishieni. Mlipe na ile laki nne, kwa simu kwenye laini yake mwenyewe ili ibaki kumbukumbu, au mkononi akisaini daftari. Kama anataka nyingine itumwe kwao, aitume yeye.

Mlipe kabla hujaongea naye habari za pochi. Ukilipa baada ya mazungumzo itaonekana unamhonga au unamfukuza.

Ya mama mkwe nitayapitia haraka. Mtaalamu atakayetazama atamtaja yule mliyekwenda naye moyoni, hela yenu itaongezeka kwenye hasara, na ramli chonganishi ni kosa ambalo polisi wanakamata watu kwa ajili yake. Mwambie kwa adabu kwamba mumeo ameshaanza kufuatilia. Mama wa watu atatulia. Begi pia acha. Ukilipekua hayupo na ukakuta noti ya elfu kumi, utasema ni yako, naye atasema mjomba wake alimpa, na hakuna wa kuamua. Hata ukiikuta hereni humo, atakuuliza nani aliiweka, na atakuwa na haki ya kuuliza. Ikifika hatua ya kutafuta, mnatafuta nyumba nzima, chumba cha shemeji kikiwemo, kila mtu akifungua vyake mwenyewe, mjumbe akiwepo. Mwili wa binti haupekuliwi, si na wewe, si na mama mkwe. Na simu yake na kitambulisho chake si dhamana, usivishike.

Jambo lingine, na hili nisikilize vizuri: neno "mwizi" lisitoke getini kwenu. Ukimpigia binti kelele ya mwizi naye akakimbilia barabarani, hutaweza kuwarudisha nyuma vijana wa bodaboda. Watu wanauawa mitaani kwetu kwa neno hilo, kabla ya mtu kuuliza kimeibwa nini.

Hesabu ikipungua tena ndani ya zile wiki mbili, ongea. Chagua saa watoto hawapo na wewe huna hasira, ukae naye sebuleni mmeketi wote. Usianze na "umechukua?", kwa sababu jibu lake ni "hapana" hata angekuwa nani, na baada ya hapo kazi yake ni kuilinda hiyo "hapana". Anza na siku yenyewe: "Jumanne kuna elfu ishirini haikuonekana, namuuliza kila mtu humu ndani. Nieleze siku hiyo ilikwendaje tangu asubuhi, nani aliingia, nani alitoka." Kisha nyamaza. Muulize shemeji maneno hayohayo, siku hiyohiyo, kila mmoja peke yake. Tofauti za masimulizi zitakufundisha zaidi kuliko machozi. Kulia si ushahidi, na kunyamaza pia si ushahidi. Mabinti wengi waliolelewa kutomjibu mkubwa wanainamisha kichwa hata wanaposingiziwa.

Akikiri, usikimbilie kushangilia. Mwenye hofu hukiri ili aachwe. Muulize alichukua noti gani, ilikuwa wapi, aliitumia kwa nini. Aliyechukua anajua. Asiyechukua atababaika, atakwambia "nisamehe tu, mama", na hapo msamaha wenyewe hauna kosa la kusamehe.

Kama ni kweli na ni elfu tano ya pedi, mimi ningemsamehe, ningemlipa mshahara kwa tarehe na ningeendelea naye. Kama ni fedha nyingi au dhahabu, muachane, ila kwa utaratibu, maana ameshapita miezi sita na analindwa dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Mwandikie tuhuma, mpe muda usiopungua saa 48 ajiandae, aje na mtu wake, msikilizeni, kisha amueni kwa maandishi. Kama imani imekwisha na ushahidi hakuna, zungumzeni muachane kwa makubaliano, mwandike na kusaini wote: siku alizofanya kazi, likizo aliyolimbikiza, malipo ya notisi ya siku 28, na nauli ya kumrudisha Iramba na mizigo yake, kwa sababu huko ndiko mlikomtoa. Akiona ameonewa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wapigie wazazi kabla hajaondoka, apande basi asubuhi pale Stendi ya Magufuli, na mtu wenu amsindikize. Binti hatolewi nje saa tatu usiku na mfuko mkononi. Na barua ya utumishi iandike alifanya kazi gani na kwa muda gani, usichokithibitisha usikiandike.

Polisi ni kwa kitu chenye thamani na chenye maelezo: picha ya hereni, risiti ya sonara, tarehe ulipoivaa mwisho. Ukienda kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, taja watu wote wanaoishi humo ndani, usitaje jina moja.

Hiyo hereni sasa. Imepotea moja. Mwenzake ameachwa palepale. Sonara ananunua kwa uzito, kwa hiyo mwizi wa hereni moja anaweza kuwepo, lakini aliyekuta mbili kwenye kisahani kwa nini aache nusu ya mali? Hereni moja kwa kawaida hudondoka. Siku ya wageni ulivaa, ukachoka, ukanawa uso, ukalala. Papasa mshono wa godoro upande unaolalia, kung'uta mtandio uliouvaa siku ile, pekua matakia ya sofa hadi kwenye kitambaa cha chini kilichochanika. Muulize binti maji ya beseni la kufulia anayamwaga wapi, mfunue pamoja kifuniko cha karo, lile shimo la maji machafu. Kisha nenda kwenye sinki la kunawia. Chini yake bomba lina kona au kikombe kinachobaki na maji muda wote, na vitu vizito vikizama hukaa humo. Kinafunguliwa kwa mkono kuelekea kushoto, kikigoma shika kwa kitambaa. Weka ndoo chini kwanza, na usifungulie maji kabla hujapapasa matope ya kikombe hicho.