Muulize "umepataje?" kabla hujamwambia amekosa

Binti yangu alikuwa darasa la tatu nilipogundua kuwa ninapomsaidia hesabu, macho yake hayako kwenye daftari. Yako kwangu. Anaandika tarakimu moja, anainua macho kunichungulia. Nikikunja uso, raba inashuka. Nikitulia, anaendelea. Wiki nzima nilijisifu moyoni kwamba sasa anaelewa, maana majibu yalikuwa yanatoka. Kumbe alichokuwa anasoma ni uso wangu.

Nilishtuka siku ya 52 − 27. Aliandika 35. Nikamwambia amekosa, arudie. Akarudia, akapata 35 ileile. Nikapandisha sauti, akaandika 45, halafu 34. Hapo alikuwa anabahatisha tu ili tumalize akalale. Nilipochoka kugomba ndipo nikamuuliza, "Hebu niambie, hii 35 ya kwanza uliipataje?" Akajibu bila kusita: "Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu."

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, mwezi mmoja kabla, kwamba huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo. Basi akafanya nilivyosema: kila safu alichukua kubwa akaitoa ndogo, bila kujali ipi iko juu. Mtoto hakuwa mzembe. Alikuwa anafuata sheria, ila sheria yenyewe ilikuwa mbovu, na ningeweza kumfanya arudie mara ishirini bila kuifikia.

Tukachukua njiti za kiberiti, tukafunga mafungu matano ya kumikumi kwa mipira, tukaacha mbili pembeni. "Nipe ishirini na saba." Alinipa mafungu mawili haraka, kisha akabaki anazitazama zile njiti mbili. Nilitaka sana kusema kitu. Nikauma ulimi. Mwishowe akauliza, "Naruhusiwa kufungua hili?" Akafungua fungu moja, sasa ana njiti 12 zilizo huru, akanihesabia saba. Yakabaki mafungu mawili na njiti tano. Tulirudia hivyo siku tatu au nne, kisha tukahamia kuchora mafungu kwenye karatasi, ndipo tukarudi kwenye tarakimu. Neno "kukopa" nimeachana nalo, kwa sababu aliniuliza tutarudisha lini na sikuwa na jibu. Siku hizi tunasema "tunafungua kumi".

Kiswahili nacho kinasaidia, halafu kinakuacha njiani. "Kumi na tatu" inajieleza yenyewe: kumi, na tatu. Lakini ukifika ishirini, thelathini, arobaini, majina hayo yametoka Kiarabu na mtoto hasikii ndani yake kuna makumi mangapi. Kwa hiyo kwa muda nilikuwa namsomesha hamsini na mbili kwa majina mawili: "hamsini na mbili, makumi matano na mbili". Inachosha kidogo kusema, ila baada ya siku chache alianza kuzigawa namba kichwani bila njiti.

Kuhusu jedwali la kuzidisha, usimtishe mtoto kwa ukubwa wake. Kuanzia 1 hadi 10 lina visanduku 100, kweli, lakini ondoa ya 1, 2, 5 na 10 ambazo watoto wengi huzishika mapema. Vinabaki 36. Kwa kuwa 6 × 8 na 8 × 6 ni kitu kimoja, kazi halisi ni 21 tu. Ya 9 nayo ina ujanja wake: kwa 9 × 7, makumi ni moja pungufu ya saba, yaani 6, na tarakimu mbili za jibu lazima zijumlike kuwa 9, hivyo ni 63. Ukiiondoa hiyo, zimebaki 15. Tunachukua mbili kwa siku, tukiwa tunatembea au tunakunja nguo. Ya 7 × 8 ndiyo iliyotusumbua kuliko zote, mpaka tulipoona 5, 6, 7, 8 zimejipanga zenyewe: 56 ni saba mara nane.

Kwenye maswali ya mafumbo, kuwa mwangalifu na ushauri wa "tafuta neno kuu". Niliufuata, ukatuponza. "Dada ana penseli 12, ambazo ni 5 zaidi ya za kaka. Kaka ana ngapi?" Mtoto akiona "zaidi" anajumlisha, anapata 17. Mimi sasa namwambia anisimulie kwanza kwa maneno yake nani ana nyingi, achore, ndipo ashike namba.

Mambo mengine madogo. Dakika 20 zinatosha. Akianza kusinzia namwandikia mwalimu kwamba tulifika hapa. Mbinu ya darasani ikitofautiana na niliyosoma mimi, tunafuata ya darasani, na yeye ndiye ananifundisha. Na ile kauli ya "hata mimi hesabu zilinishinda" nimeiacha kabisa, hata kwa utani.

"Umepataje?" naiuliza hata akipatia. Mwanzoni alikuwa anafuta jibu sahihi papo hapo kwa kudhani nimemkosoa, ikabidi nimweleze kwamba ninauliza kila mara.

Juzi tulikuwa na 8 + 4 = __ + 5. Akaandika 12. Umepataje? "Nane na nne ni kumi na mbili. Alama ya sawa ni mahali pa kuandika jibu." Nikachora mizani, upande mmoja 8 na 4, upande wa pili nafasi tupu na 5, nikasogeza daftari kwake. Akakaa kimya muda mrefu, akipigapiga penseli mezani. Akafuta 12, akaandika 7, akaenda swali la pili. Hakuinua macho.