Jibu: Usilipe miezi 12, na hizo kadi za msimu zichome

Futa hizo kadi. Kama umeshazipiga kopi pale karibu na soko la Kenya hapa Lubumbashi, washia nazo makala, yaani mkaa, leo jioni.

Mdogo wangu, unataka kufungua ukumbi wa kuonyesha mpira, na umeuliza mambo matano: dekoda gani, projekta au televisheni kubwa, viti vingapi, umeme wa jua au jenereta, na kama kona yako ya Katuba itavuta watu. Halafu chini kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, umeandika kwamba wakala wa dekoda amekuahidi abonema (malipo ya chaneli) ya miezi 12 kwa bei ya 10, na kwamba hela utazipata kwa kuwauzia vijana kadi za msimu mzima. Hapo ndipo nilipoacha bukari, ugali wetu, ipoe. Mimi nilifanya hivyo hivyo kule Kampemba, na hadi leo kuna watu wakiniona sokoni wananiita Papa Subiri.

Hesabu yangu ilikuwa tamu. Kadi 74, kila moja dola 15: dola 1,110 mkononi kabla mpira haujapigwa hata teke moja. Nikalipa abonema ya mwaka, dola 300, nikajisifu kwa mama watoto kwamba nimeokoa 60. Jenereta ya mkono wa pili, 400. Mabati, mabenchi na viti vya plastiki, 260. Zikabaki 150, nikaanza kutembea polepole kama mtu mwenye kiwanda.

Jumanne moja ya Oktoba, usiku wa Ligi ya Mabingwa, watu wamejaa hadi mlangoni. Nawasha. Skrini nyeusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe: chaneli hii haipatikani kwa sasa. Nikapanda juu ya mabati, tochi mdomoni, nikaanza kugeuza parabole, lile sahani la satelaiti, nikidhani ni upepo. Parabole haikuwa na kosa lolote. Chaneli nyingine zote zilikuwa safi. Iliyozimwa ilikuwa ile ya mpira tu. Chini wanapiga kelele: "Rudisha falanga zetu! Umekula abonema!" Hebu mweleze mtu aliyetoa dola 15 kwamba kampuni ya satelaiti na mwenye chaneli hawajaelewana bei. Nilionyesha risiti. Mmoja akajibu kwamba hata yeye anajua kuandika risiti.

Nikampigia wakala. "Kaka, ni mambo ya wakubwa, subiri kidogo." Nikawaambia watu wasubiri. Wiki ya pili, subiri. Wiki ya saba, subiri. Jina likazaliwa hapo. Chaneli haikurudi, na wakala hakupokea simu tena. Kwa nini apokee? Komisheni yake aliila siku ileile niliyolipa, ya miezi 12 kwa mpigo. Mkataba wangu, niliposhawishika kuusoma, ulisema kampuni inaweza kubadilisha chaneli bila kuniuliza. Eti kama pole wakatufungulia chaneli ya mapishi. Vijana wa Kampemba, nusu yao wamevaa nyeusi na nyeupe ya timu yetu ya Mazembe, wanafundishwa kuoka keki ya limau. Nikikutana na yule wakala nitamwokea moja, nimejifunza vizuri.

Nilirudishia kila mtu dola 12, jumla 888. Zile 150 zikaondoka kwanza. Jenereta ya 400 nikaiuza 220. Zilizobaki, dola 500 na kitu, nilikopa kwenye likelemba, mchango wa zamu, ya mke wangu, na hali ya nyumbani baada ya hapo sitaielezea hapa. Jamaa mmoja alikataa kungoja, akajitwisha viti vinne kichwani na kuvuka barabara mchana kweupe, jirani wote wanatazama. Yote haya kwa ajili ya punguzo la dola 60.

Sasa uelewe ulichotaka kununua. Anayekuuzia dekoda hana mpira. Mara nyingi mpira ni wa ligi, ligi inaukodisha kwa mwenye chaneli kwa miaka kadhaa, na mwenye chaneli anamtoza mwenye satelaiti kwa kichwa: kila mteja wa kifurushi kiasi fulani kwa mwezi, atazame asitazame. Mkataba ukiisha, mwenye chaneli anaomba zaidi, maana ligi nayo imempandishia. Mwenye satelaiti anahesabu: nikikubali, hata bibi anayetazama tamthilia tu atamlipia mchezaji Haaland. Wanavutana. Na hawavutani mpira ukiwa umelala. Wanangoja uamke, ili mimi na wewe tupige kelele kwa niaba yao.

Usidhani ni umaskini wetu. Marekani, 31 Agosti 2023, Disney na kampuni ya kebo ya Charter walishindwana, na karibu nyumba milioni 15 zikakosa ESPN, chaneli ya michezo ya Disney, wakati mashindano ya tenisi ya US Open yanaendelea. Walipatana 11 Septemba, saa chache kabla ya mechi ya Jumatatu usiku ya mpira wa Kimarekani. Mwaka 2025 ikawa zamu ya YouTube TV, inayouza chaneli kwa intaneti, na Disney hao hao, kuanzia 30 Oktoba hadi 14 Novemba. Wateja walipewa dola 20 za kuwatuliza. Mimi nilipewa keki.

Ufaransa ni vichekesho. Kampuni ya Mediapro iliiahidi ligi ya huko zaidi ya yuro milioni 800 kwa mwaka, ikaanzisha chaneli ya Téléfoot Agosti 2020, Oktoba ikashindwa kulipa, Februari 2021 chaneli ikafungwa. Ikaja Amazon. Ikaja kampuni ya DAZN mwaka 2024, mwaka mmoja tu wakagombana na ligi. Tangu Agosti 2025 ligi inauza mechi zake yenyewe kupitia chaneli yake, Ligue 1+. Wenye mpira wao wenyewe hawajui mwakani watautazama wapi, wewe unawauzia watu wa Katuba kadi hadi Mei?

Na hapa kwetu Afrika: CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Januari 2024, haki zilikuwa kwa New World TV ya Lomé, na MultiChoice, wenye DStv, ikatangaza kwamba chaneli zake za SuperSport hazitaonyesha. Wakapatana siku chache tu kabla ya kuanza. Sasa tangu Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa imeimeza MultiChoice. Kifurushi unacholipia leo kitakuwaje mwakani, wakala wako ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kwenye CAN hiyo nilikuwa nimeshapona ujinga. Sikulipa kitu hadi mechi ya ufunguzi ya 13 Januari ianze na nione picha kwa macho yangu. Nikalipa mwezi mmoja. Kiingilio nilikusanya mlangoni, siku ya mechi, baada ya skrini kuwaka. Usiku ule Mpasi, kipa wetu wa Kongo, alipowafunga Misri penalti ya mwisho, 8 kwa 7, ukumbi ulitikisika hadi msumari mmoja wa bati ukadondoka, na hakukuwa na mtu hata mmoja niliyemdai au aliyenidai. Mechi mbili nzuri zinalipa mwezi mzima. Kinachozidi ni chako.

Mwezi kwa mwezi. Tiketi baada ya picha. Usiuze unga ambao bado uko mpakani Kasumbalesa kwenye lori la mtu mwingine. Na umuulize huyo wakala swali moja: haki za ligi hii mnazo hadi tarehe gani? Akianza kucheka, ondoka.

Dekoda: yoyote inayokubali mwezi mmoja, na uulize abonema ya ukumbi, maana ile ya nyumbani hairuhusu kutoza watu. Projekta nitarudi kukueleza. Viti: anza na mabenchi ya mbao, mazito. Vya plastiki vinabebeka.