Maswali ya Wasomaji: Kombe la CECAFA la Wanawake lina faida gani?

SWALI: Ndugu mhariri, kila Kombe la CECAFA la Wanawake, la kanda ya Afrika Mashariki na Kati, linapokaribia huwasikia watu wakihoji kwa nini fedha zitumike kuzikutanisha timu ambazo zote ziko chini katika viwango vya FIFA. Wanasema kucheza na aliye dhaifu kama wewe hakukuandai kupambana na Nigeria au Afrika Kusini. Je, hoja hiyo ina ukweli? Na je, mashindano haya huipandisha timu katika viwango? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, naomba nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ni fupi. Mechi za timu za taifa zinazotambuliwa na FIFA huhesabiwa, lakini hazilingani uzito: mechi ya fainali za Kombe la Dunia huhesabiwa mara 4 ya mechi ya kirafiki, na mashindano ya kanda hayafiki popote karibu na kiwango hicho. Anayetarajia timu ipae kwa kutwaa kombe la majirani atavunjika moyo. Hata hivyo, ili timu ya wanawake iingie katika orodha hiyo ni lazima iwe imecheza mechi zisizopungua 5 dhidi ya timu ambazo tayari zimo, na ikikaa muda mrefu bila kucheza huondolewa. Kwa nchi isiyo na fedha za kusafiri mbali, mechi hizo hupatikana kwa majirani.

Sasa nirudi kwenye hoja yenyewe, ambayo naiona ina kasoro kubwa. Inachukulia kwamba timu ya chini hujifunza pale tu inapokutana na timu ya juu, wakati ukweli ni kwamba timu inayofungwa mabao mengi hutumia dakika 90 ikilinda lango lake na haipati nafasi ya kujaribu chochote ilichofundishwa kambini. Itazame Sudan Kusini, ambayo ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya wanawake jijini Dar es Salaam mwezi Novemba 2019, katika mashindano haya haya, ikafungwa na Tanzania mabao 9-0. Siku chache baadaye, katika kundi lile lile, iliifunga Zanzibar 5-0. Mechi ya kwanza iliwaonyesha wachezaji wale umbali uliobaki, na ile nyingine ikawapa nafasi ya kumiliki mpira, kupanga mashambulizi na kuonja ushindi wakiwa wamevaa jezi ya taifa. Timu changa inahitaji mechi za aina zote mbili, na ni vigumu kuzipata pamoja ndani ya wiki moja isipokuwa katika mashindano kama haya.

Tena angalia kalenda. Kenya ilicheza fainali ya CECAFA mjini Jinja mwaka 2016, ikafungwa na Tanzania 2-1, na miezi miwili baadaye ikawa Cameroon kwa fainali zake za kwanza za Afrika. Uganda na Burundi walikutana katika fainali ya Njeru mwezi Juni 2022, Uganda ikashinda 3-1, na mwezi uliofuata wote wawili walikuwa Morocco wakicheza fainali za Afrika. Sisemi kwamba kombe la kanda ndilo lililowafikisha huko, kwani walifuzu kwa njia nyingine, lakini ndilo lililompa kocha mechi za ushindani za kupima kikosi chake kabla ya safari.

Ninachokilalamikia, na nakilalamikia kwa uchungu, ni kwamba mashindano haya hayana ratiba ya kuaminika. Yalichezwa mara ya kwanza Zanzibar mwaka 1986, kisha yakalala hadi 2016. Fikiria msichana aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza: alikua, akacheza, na alipofikisha miaka 30, umri ambao wengi wanaanza kufikiria kustaafu, ndipo kombe la kanda yake liliporejea. Baada ya hapo tukacheza 2018 na 2019, tukasubiri hadi 2022, na tukasubiri tena hadi 2025. Wenzetu wa kusini, COSAFA, waliandaa mashindano yao kila mwaka kuanzia 2017 hadi 2024. Matunda yake yanaonekana kwa Malawi, ambayo mwaka 2021 ilipoteza fainali 1-0 mbele ya Tanzania iliyokuwa imealikwa kama mgeni, ikarudi nyumbani, ikajipanga, na mwaka 2023 ikatwaa ubingwa kwa kuifunga 2-1 Zambia iliyokuwa imetoka kucheza Kombe la Dunia. Malawi iliweza kusahihisha makosa yake kwa sababu ilijua mwaka unaofuata kutakuwa na mechi. Kocha wa kanda yetu hana uhakika huo, na bila uhakika huo ni vigumu kwake kupanga kikosi cha miaka mitatu ijayo.

SWALI: Nimesoma kwamba bingwa wa kwanza, mwaka 1986, alikuwa Zanzibar. Mbona haimo katika viwango vya FIFA? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli, Zanzibar ndiyo iliyotwaa ubingwa huo. Haimo katika viwango kwa sababu si mwanachama wa FIFA. Mbele ya shirikisho hilo, Tanzania nzima huwakilishwa na TFF, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania. Mwezi Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipa Zanzibar uanachama kamili, lakini uamuzi huo ulibatilishwa mwezi Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo mchezaji wa Visiwani anaweza kuitwa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, na kucheza fainali za Afrika au kufuzu Kombe la Dunia, ila akitaka kuvaa jezi ya Zanzibar yenyewe katika mashindano ya kimataifa, uwanja wake ni CECAFA.