Usipande meza kubwa kurudisha hasara ya poka

Mkuu, usithubutu. Nimesoma maelezo yako mara mbili: umepigwa mfululizo, hulali, mtaji umekonda, na sasa unataka kukusanya kilichobaki, uongezee mkopo wa rafiki, uhamie meza yenye dau mara 5 ili "urudishe zote usiku mmoja". Umeuliza pia kuhusu usingizi, programu za kuchambua michezo, na kama uachane na meza za kawaida uende kwenye mashindano. Kwanza tumalizane na hiyo meza kubwa.

Mimi nilipanda. Nilikuwa na mtaji wa kununulia chipu mara 20 kwenye meza yangu ya kila siku (yaani ningeweza kukaa na chipu kamili, kupoteza zote na kuanza upya mara 20), nikahamia ya dau mara 5. Piga hesabu: unabaki na mara 4 tu, na mara 4 zinaweza kwisha ndani ya saa moja hata ukicheza sawasawa. Jozi ya A dhidi ya jozi ya K, hela zote zikiingia kabla ya karata za mezani kufunguliwa, hushinda kama mara 82 katika 100. Zile 18 zipo, na hazijali umetoka kupigwa wapi. Zilinikuta kwenye karata ya mwisho: K ya kopa. Hapo sina ninachojutia, hata leo ningeweka zote.

Kilichonimaliza ni mgao uliofuata. Nimeshika jozi ya 9, mezani pamelala A na Q. Jamaa ambaye tangu nikae alikuwa anatupa tu karata zake anaweka dau. Naongeza, naye anaongeza tena. Mtu mkimya namna ile haongezi juu ya dau lako akiwa mtupu, na nilijua. Sekunde zinahesabika kwenye kioo, kidole kiko juu ya kitufe, na kichwani sina habari kabisa na karata zake. Nawaza kiasi kitakachorudi nikishinda. Nikabonyeza, nikaweka zote. Kwenye meza yangu ya kawaida jozi ile ningeitupa bila hata kusita.

Aliyenipeleka kule ni "mwalimu" mmoja wa mtandaoni tuliyekuwa tunamlipa ada kila mwezi. Wimbo wake ulikuwa huo huo: meza ndogo zimejaa watu wasiojua, wanafuata kila dau na karata mbovu, panda juu ambako ukiongeza dau utaheshimiwa. Uongo mtupu! Huyo anayekufuata na karata mbovu ndiye anayekulipa, sasa unamkimbia uende kwa nani? Picha za siku alizoshinda alituwekea kila wiki, lakini matokeo yake ya mwaka mzima hatukuyaona. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka, maana wateja wake ni watu walio katika hali yako, waliopigwa na wanatafuta mtu wa kuwaambia kwamba tatizo ni meza.

Hiyo hamu ya kurudisha zote kwa mkupuo ina maelezo. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba mtu akishajiona yuko kwenye hasara, hukubali kubahatisha kwa namna ambayo angekataa kama angekuwa kwenye faida. Ndiyo maana huwezi kujiamini kuchagua meza ukiwa umetoka kupigwa. Na kupigwa kwenyewe si lazima kuwe ushahidi kwamba hujui. Mchezaji mzuri kweli, anayepata wastani wa faida ya madau makubwa ya lazima 5 (big blind, dau ambalo mchezaji mmoja hulazimika kuweka kabla ya karata kugawiwa) kwa kila migao 100 kwenye meza ya watu sita, bado ana nafasi karibu 3 kati ya 10 za kumaliza migao 10,000 akiwa na hasara.

Kwa hiyo ukipoteza, shuka. Mtaji ukipungua chini ya kununua chipu mara 20, hamia meza ya chini yake siku hiyohiyo, na usipande tena mpaka ufike mara 30. Watu watakuambia pumua, tafakari, tembea. Sipingi, ila akili haitulii huku kila dau linakuuma. Kwenye meza ya chini utapoteza mgao na utaweza kukumbuka jinsi ulivyoucheza, badala ya kukumbuka hela tu.

Mkopo wa rafiki usiuguse. Na kama hicho kilichobaki ni cha kodi ya nyumba au chakula, hapo suala la poka limekwisha: tovuti nyingi zenye leseni zina sehemu ya kujifungia akaunti, itumie leo, na mtu wako wa karibu ajue.

Kama si hivyo, andika hapa mtaji wako unatosha kununua chipu mara ngapi kwenye meza unayocheza sasa, bila kuhesabu mkopo. Nitakuambia ushuke mpaka ipi.