Msimu Ukiisha, Usimpe Mtu Funguo

Wiki iliyopita msikilizaji mmoja kaniandikia: "Kaka habari za siku, au ndo mmefunga kijiwe?" Najua hakuwa na nia mbaya. Ila ukiwa unaendesha podikasti ya usalama mtandaoni kwa bando lako mwenyewe, bila redio wala kampuni nyuma yako, swali hilo linauma. Huwa nalipata kila msimu ukiisha. Na kwa kuwa wengi mnaonisoma hapa mna kipindi chenu, au mnakipanga kimoyomoyo, acha nizungumzie huu ukimya wa katikati. Kurekodi kila mtu anafundisha.

Kwanza muelewe tunapumzika kutoka kwenye nini. Studio yetu ni chumba changu cha kulala, Tabata, Dar es Salaam. Madirisha yamefungwa, blanketi limetundikwa ukutani, feni imezimwa kwa sababu maiki inanasa kila kitu, na jasho linadondokea karatasi ya maswali hadi wino unatambaa. Ukimaliza kurekodi, mgeni anapiga simu: "Ndugu yangu, pale nilipotaja benki, pakate." Unakata. Kesho anapiga tena, anaomba sauti ibadilishwe, kazini wataijua. Watu wanaolinda mifumo ya benki na ya kampuni za simu hapa nchini wana mengi ya kusema, lakini wana mabosi pia. Huko kubembeleza na kukata hakuna msikilizaji anayekusikia, na ndiko kunakomaliza nguvu.

Halafu habari kubwa haisubiri ratiba yako. Tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, sisi tuko mapumzikoni, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, akatangaza kwamba kagundua mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux, ile inayoendesha seva nyingi za mtandaoni. Kilichomshtua ni kwamba kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kulikuwa kunachelewa. Kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, jamani! Wengine tunasubiri ukurasa ufunguke hadi chai inapoa na hatushtuki.

Simu yangu haikulala. Kila mtu anataka episodi ya dharura. Mwenzangu niliyeanza naye kipindi alitaka turekodi usiku uleule, nikakataa. Tulirushiana maneno, na msimu ulipofunguka hakurudi. Siku hizi ana kipindi chake, na muziki wake wa kuanzia unafanana na wetu kwa bahati tu, nadhani. Simsemi.

Kukataa kwangu hakukuwa uvivu. Usiku ule tungesoma vichwa vya habari kama wengine wote, wakati stori yenyewe ilikuwa haijafika. Ilivyokuja kujulikana, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amechangia mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili, taratibu, kwa adabu, mpaka akakabidhiwa madaraka, kisha akauingiza mlango ule. Mwenye mradi, Lasse Collin, alikuwa mtu mmoja anayejitolea. Mwaka 2022 aliandika hadharani kwamba afya ya akili inamsumbua na kwamba kazi ile hailipwi. Na wakati huohuo akaunti ambazo hadi leo hazijulikani ni za nani zilikuwa zinamsukuma: mbona toleo jipya halitoki, mbona unachelewesha watu, si umpe mwingine aendeleze? Akampa.

Msimu uliofuata tulifungua na habari hiyo. Mpaka leo ndiyo episodi yetu inayosikilizwa kuliko zote, na sioni aibu kulisema.

Sasa wewe mwenye kipindi, isome tena. Mtu mmoja, amechoka, halipwi, anaulizwa "mbona kimya?" Mapumzikoni ndipo zinapoingia zile meseji tamu. Mimi ilinijia ya kijana mpole, mwandishi mzuri tu: nipumzike, yeye atanisimamia akaunti, nimtumie barua pepe na nywila. Inawezekana alikuwa msamaria mwema. Nilimshukuru nikamnyima.

Mlisho wa RSS wa podikasti, lile faili linalopeleka episodi zako kwenye programu za kusikilizia, unaweza kubeba barua pepe ya mwenye kipindi, na ikiwemo mtu yeyote anaweza kuisoma. Spotify, kwa mfano, inapotaka kuhakikisha kipindi ni chako, hutuma namba ya siri kwenye barua pepe hiyohiyo. Mwenye barua pepe ndiye mwenye kipindi. Kama anwani yako iko kwenye domeini yako mwenyewe, yaani jina la tovuti unalolilipia kila mwaka, na domeini hiyo ikaisha muda wewe umelala, atakayeinunua anaanza kupokea barua zako zote, ile namba ikiwemo. Kwa hiyo lipia domeini kabla hujatangaza mapumziko, weka uthibitishaji wa hatua mbili, na asiyehariri sauti asiwe na nywila. Narudia: asiwe na nywila. Hata kama ni shemeji yako.

Na zile sauti mbichi za wageni, kabla hujakata wala kubadilisha? Zifungie kwenye diski iliyosimbwa, isiyosomeka bila nywila, au zifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, tena tunaita watu waje kuifafanua hewani. Itakuwa kichekesho sauti zao zikutwe kwenye flashi inayozunguka Kariakoo.

Kuhusu wasikilizaji, watajieni mwezi mnaorudi, basi. Sisi katikati ya misimu tunatoa vipande vya dakika chache tu: tunasoma meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" mnazotutumia, tunawakumbusha kuripoti namba hizo kwa 15040, tunaaga. Vinatosha. Anayetaka zaidi akasikilize misimu ya nyuma, ipo yote na ni bure.

Tunarudi Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa usalama mtandaoni, ambao kila ofisi hukumbuka ghafla kwamba ina kompyuta za kulinda. Wageni wa mwanzo wameshapatikana. Na yule mdhamini aliyejitoa msimu uliopita kwa barua ya mistari miwili, najua huwa unapita hapa: nafasi ipo, bei imepanda.