Mashine mpya au ujuzi wa watu: akiba iende wapi?

SWALI: Ninamiliki kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Morogoro, chenye wafanyakazi sita na mashine moja ya ofseti ya rangi mbili. Tangu mashine za EFD, yaani vifaa vya kielektroniki vya kutolea risiti, zilipoenea, oda za vitabu vya risiti, ambazo ndizo zilizokuwa zikinilipia pango, zimepungua mwaka hadi mwaka. Akiba niliyo nayo inatosha jambo moja tu: kununua ofseti ya rangi nne iliyotumika, au kuajiri mbunifu wa michoro, kuwasomesha vijana wangu na kununua programu halali za kompyuta. Ndugu zangu wanasema mashine ni mali, bali ujuzi huondoka na mtu. Mnanishauri nini?
Mchapaji, Morogoro

JIBU: Ndugu zako wana hoja, kwani mashine haiwezi kukuaga mwisho wa mwezi ikahamia kwa mshindani wako. Hata hivyo, tazama yaliyoipata ofseti uliyo nayo: haijaharibika, inachapa vilevile kama zamani, lakini thamani yake kwako imeshuka kwa sababu ya kifaa kidogo kilichowekwa kwenye kaunta ya duka la mtu mwingine. Kabla ya kuchagua, basi, jiulize ni ujuzi gani uliomo kiwandani mwako ambao bado una soko, na ujuzi huo unahitaji chombo gani ili ulete fedha.

Kampuni ya Fujifilm ya Japani ililazimika kujiuliza hivyo baada ya mwaka 2000, mauzo ya filamu za kamera duniani yalipofikia kilele na kuanza kuporomoka. Wataalamu wake walijua kutandaza tabaka nyembamba za kemikali kwa usawa kabisa, walijua tabia za kolajeni, protini iliyomo pia kwenye ngozi na ambayo ndiyo asili ya jelatini ya filamu, na walijua namna ya kuzuia picha isififie. Ujuzi huo ndio ulioiwezesha kuuza vipodozi vya ngozi vya Astalift kuanzia mwaka 2007, na ndio ulioifanya ijenge kiwanda kipya huko Kumamoto cha kutengeneza utando unaowekwa ndani ya skrini bapa. Hicho kiwanda husahauliwa sana na wanaohubiri kwamba zama za mitambo zimepita. Fujifilm ilimwaga fedha nyingi kwenye mitambo, ila ilikuwa imeshajua mitambo hiyo itabeba ujuzi gani. Kodak ya Marekani, ambayo mhandisi wake Steve Sasson aliunda kamera ya kidijitali mwaka 1975, haikukosa ujuzi wala hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi. Lakini faida yake iliegemea mno filamu na karatasi za picha, na Januari 2012 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai.

Karibu na kwetu, M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, Safaricom haikujenga matawi kama ya benki. Fedha taslimu na floti, yaani salio la kielektroniki la kuwahudumia wateja, zilitolewa na mawakala katika maduka yao wenyewe, nao wakalipwa kamisheni, huku kampuni ikishughulikia mfumo, mafunzo na usimamizi wa mawakala, pamoja na jina ambalo mteja angeliamini. Maana yake ni kwamba chombo unachokihitaji si lazima kiwe chako.

Kwa hali yako, ningeanza na mbunifu. Wasindikaji wa asali, viungo na unga wanahitaji lebo zinazovutia, na kazi ya rangi nne unaweza kuipeleka kwa mchapaji mwenye mashine hiyo Dar es Salaam, ukabaki na faida ya ubunifu na ya kumhudumia mteja, mpaka oda zitakapokuwa za kutosha kulipia mashine yako mwenyewe. Kuhusu hofu ya ujuzi kuondoka na mtu, bila shaka unaye fundi anayejua kwamba wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu, ikatanuka, na rangi ya pili ikakataa kukaa juu ya ya kwanza. Je, anachokifanya siku hiyo kimeandikwa popote? Mpe daftari, na umpe kijana wa kusimama naye. Michoro yote nayo ihifadhiwe kwenye kompyuta ya kiwanda, isibaki kwenye simu ya mbunifu.

SWALI: Nimetumia miaka mitano kujenga jina la bidhaa yangu ya sabuni, lakini benki inataka hati ya nyumba tu. Kwa nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Benki hutaka dhamana inayouzika haraka, na hesabu zako hazilionyeshi jina hilo. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 38, jina la bidhaa ulilolijenga mwenyewe haliingii kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara, ingawa ungelinunua kwa mwingine lingeingia kwa bei uliyolipa. Gharama za utafiti nazo huhesabiwa kuwa matumizi ya mwaka huo. Sajili alama yako ya biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ambako usajili wa kwanza hudumu miaka 7 na kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara, kisha ukirudi benki nenda na LPO, yaani oda za maandishi, za wanunuzi wako, kwa kuwa zipo benki zinazokopesha kwa kuzitazama hizo.